Si Wanga, ni Joho la Sukari

Kitini kimoja cha afya kilichonifikia kinadai kuwa seli ya saratani hujificha nyuma ya "wanga wa juu ya seli". Nimeudhika, na sioni haya kusema. Wanga ni chakula kinachotengenezwa na mimea: umo katika muhogo, mahindi na mchele. Hakuna seli ya binadamu iliyovaa wanga. Mgonjwa akisoma hivyo ataacha ugali, akidhani anaunyima uvimbe kinga yake. Kamati iliyolipitisha neno hili ingemwuliza muuguzi mmoja tu, ingeonywa.

Kwa miaka sasa napendekeza *joho la sukari* kuwa jina la tabaka la minyororo ya sukari linaloifunika seli. Mwaka 1963 mtafiti Bennett aliliita tabaka hilo kwa maneno mawili ya Kigiriki: *glykys*, tamu, na *kalyx*, ganda linalofunika ua kabla halijachanua. Kwa sababu hiyo mwenzangu mmoja ameng'ang'ania "ganda la sukari". Lakini ganda likishakauka limekwisha, ilhali tabaka hili seli hulifuma na kulifumua maisha yake yote. Joho asili yake ni *jukh* ya Kiarabu, kitambaa kizito cha sufu. Kwetu likawa vazi la mwenye cheo, la kuvaliwa juu ya kanzu. Ni vazi la nje, tena la kuheshimiwa, na hapo ndipo saratani inapopatia nafasi. Minyororo ya sukari ya joho hili mara nyingi huishia kwa asidi ya siali, iliyopewa jina la mate kwa kuwa ilipatikana katika ute wa tezi za mate za ng'ombe. Chembechembe nyeupe za damu, askari wa mwili, zina vipokezi viitwavyo sigleki. Vikiigusa asidi hiyo, askari hao hulegea, wakampisha mwenye joho. Carolyn Bertozzi, mshindi wa Nobel ya kemia ya 2022, na wenzake wamefunga kimeng'enya kwenye kingamwili ili kiikate asidi hiyo juu ya uvimbe. Huko ni kuvua joho, na mwenye "ganda" aniambie yeye angekuitaje.

Matumizi ni mepesi: joho la sukari ni tabaka zima, glikani ni mnyororo mmoja, asidi ya siali ibaki ilivyo.

Wahariri wa vitini, nawaombeni: futeni "wanga" huo kabla ya toleo lijalo.