Miguu Iliyowapoteza Wataalamu

Ukitaja mjusi wa Tendaguru hapa Ruponda, watu humkumbuka yule dinosaria mkubwa wa shingo ndefu anayesimama Berlin. Mimi nimefundisha baiolojia Nachingwea miaka mingi, na moyo wangu uko kwa mwenzake mdogo, mwembamba, ambaye hata jina lake wengi hatulijui.

Mifupa yake ilichimbwa Tendaguru, kaskazini-mashariki yetu kuelekea Lindi, katika msafara wa Wajerumani wa 1909 hadi 1913. Boheti bin Amrani aliwasimamia wachimbaji. Wapagazi wakabeba mizigo ya mifupa kwa miguu, siku kama nne, mpaka bandarini Lindi. Reli ya mradi wa karanga iliyopita hapa Ruponda ilikuja zaidi ya miaka 30 baadaye.

Mwaka 1920 mtaalamu Werner Janensch alimwita Elaphrosaurus bambergi: maana yake mjusi mwepesi wa Bamberg, tajiri wa viwanda aliyechangia gharama za msafara. Boheti alisubiri hadi 2007, mjusi mwingine wa Tendaguru alipoitwa Australodocus bohetii. Alistahili mapema zaidi.

Mjusi mwepesi alikuwa na urefu wa mita 6 hivi. Ukimaliza kula mguu wa kuku, usitupe mifupa. Laza mfupa wa paja kando ya ule wa muundi: wa muundi ni mrefu zaidi. Elaphrosaurus yuko vivyo hivyo. Ndiyo maana wataalamu kadhaa walimweka katika ukoo wa dinosaria waliofanana na mbuni, na mwaka 1982 Peter Galton akalitetea wazo hilo.

Kumbe miguu ya mbio haithibitishi undugu. Mwaka 2016 Oliver Rauhut na Matthew Carrano walimpitia upya, mfupa kwa mfupa, wakamweka katika ukoo wa Noasauridi, mbali na wale wa mbuni. Ndugu yake wa karibu ni Limusaurus wa China, aliyetangazwa 2009. Huyo alizaliwa na meno; alipokua yalimtoka yote, akabaki na mdomo kama wa ndege.

Je, wa kwetu naye alikuwa na mdomo huo? Jibu liko kichwani mwake. Wewe mwanafunzi wa Nachingwea au Ruangwa unayesoma haya, jua kwamba fuvu la Elaphrosaurus halijapatikana hadi leo.