Magofu ya Takwa

Takwa ni magofu ya mji wa Waswahili kisiwani Manda, Kaunti ya Lamu. Mji ulistawi katika karne za 16 na 17, kisha wakazi wakahama.

Magofu ya Warumi mara nyingi hutambulika kwa matofali na matao. Ya Takwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoungwa kwa chokaa. Msikiti hujulikana kwa mihrabu inayoelekea Makka, hata paa likiwa limeanguka. Juu ya ukuta wa kibla wa Msikiti wa Ijumaa husimama nguzo. Nguzo ndefu huonyesha pia kaburi la mtu wa heshima. Kaburi la namna hiyo liko Takwa, na watu wa kijiji cha Shela wamekuwa wakilizuru kuomba mvua.