Majina ya Sifa Katika Baraza la Mulopwe

Hapo kale, katika nchi ya Waluba, mfalme aliitwa Mulopwe, na habari za ufalme wake zilitunzwa na watu wa Mbudye. Hao hawakutumia wino. Walishika ubao mdogo uitwao lukasa, wenye shanga na michoro, na wakipitisha kidole juu yake waliimba: nani alimzaa nani, alivuka mto gani, alipewa cheo gani. Ushanga haukuwa kama herufi. Msomaji alichagua habari kwa kadiri ya wasikilizaji wake.

Basi, atakaye kujifunza Kiluba huanza na salamu na maneno ya sokoni. Vema. Lakini maneno ya baraza yamfikisha mbali zaidi. Nkongolo, mfalme mkali wa masimulizi yale, jina lake ndilo neno la upinde wa mvua. Mbidi Kiluwe, mgeni aliyetoka mashariki, ni Mbidi Mwindaji. Ajuaye majina mawili hayo amekwisha kuishika hadithi nusu.

Ugumu u katika sauti. Katika Kiluba, sauti ikipanda au ikishuka, maana yaweza kugeuka. Kiswahili chetu hakina jambo hilo. Kwa hiyo mtoto aliyelelewa Kamina kwa Kiswahili cha relini aweza kuyajua maneno ya babu yake, asimsikie.

Padre Van Avermaet, Mfransisko, aliandika juu ya sauti hizo na ngoma ya kupelekea habari katika gazeti Aequatoria, mwaka 1945. Ngoma haina herufi, ina juu na chini tu. Neno fupi likipigwa peke yake hufanana na mengine mengi. Ndipo mpigaji hulirefusha kwa maneno ya sifa, msikilizaji asikosee. Kumbe sifa si pambo! Mwaka 1954 padre huyo, pamoja na Benoît Mbuya, alitoa kamusi nene ya Kiluba na Kifaransa.

Jambo hili haliko kwetu tu. Katika mashairi ya ikulu ya Japani, yaliyokusanywa kwa amri ya mfalme karibu na mwaka 905, mna maneno ya kudumu yatanguliayo jina la mahali au la kitu, na maana ya mengine imesahauliwa. Wajapani wameandika vitabu vingi vya kuyaeleza. Kwetu, Clémentine Faïk-Nzuji alitoa kitabu juu ya kasala za Waluba wa Kasai, Lubumbashi, mwaka 1974. Lakini kitabu hakitamki. Ukienda kumsalimu mzee wako, mwulize jina la sifa la ukoo wenu, naye alitamke mara mbili, polepole.