Shamba Lilipoanza Kuwa Mali

Mthamini wa mradi akiingia shambani, kazi yake ni kuhesabu: miembe, migomba, nyumba ya tofali au ya udongo, choo, makaburi. Kwa miongo mingi Tanzania Bara hesabu iliishia hapo. Udongo wenyewe haukuandikwa popote.

Mzizi wa desturi hiyo ni Sheria ya Ardhi ya 1923, ambayo Waingereza waliitumia kuiweka ardhi yote ya Tanganyika chini ya Gavana. Baada ya Uhuru madaraka hayo yakahamia kwa Rais, na Sheria ya Utwaaji wa Ardhi ya 1967 ikasema wazi kwamba ardhi tupu hailipiwi fidia. Mfugaji aliyetegemea malisho ya babu zake aliondoka mikono mitupu, kwa kuwa nyasi si maendelezo.

Waliotikisa msimamo huo ni wakulima wawili wa Mbulumbulu, mkoani Arusha, baba na mwanawe. Walinyang'anywa shamba wakati wa Operesheni Vijiji, iliyowahamishia watu kwenye vijiji vipya, wakalirudisha kwa amri ya mahakama. Kisha Bunge likapitisha Sheria Na. 22 ya 1992, iliyofuta haki za kimila katika vijiji vilivyoanzishwa na kuzizuia mahakama kusikiliza mashauri hayo. Hawakukubali. Walishinda Mahakama Kuu, Serikali ikakata rufaa.

Desemba 1994 Jaji Mkuu Francis Nyalali aliandika hukumu ambayo kila mwenye jembe angepaswa kusomewa. Haki ya kimila katika ardhi ni mali, inalindwa na Ibara ya 24 ya Katiba. Vinginevyo, alisema, wananchi wengi wangekuwa kama wavamizi katika nchi yao wenyewe. Tena, jasho lililomwagwa kwenye ardhi linastahili fidia hata pasipo jengo wala mkorosho.

Sheria za ardhi za 1999 zikadai fidia kamili, ya haki na ya haraka. Kanuni za 2001 zikaongeza thamani ya soko, posho ya usumbufu, usafiri, kodi ya pango ya miezi 36, na riba malipo yakichelewa zaidi ya miezi sita.

Lililobaki gumu ni hilo neno haraka. Nyumba ikishathaminiwa, mwenyewe haongezi chumba wala hapandi mnazi, maana havitahesabiwa. Paa likivuja anasitasita kuliezeka. Riba hailipi miaka hiyo ya kusubiri. Mradi usio na fedha za fidia mkononi haufai kumpeleka mthamini kwa watu.