Siku ya Nane: Tohara ya Kiyahudi na Wayudaya wa Mbale

Wanafunzi wetu hufundishwa mapema kwamba neno tohara lina asili ya Kiarabu na kwamba maana yake ya msingi ni usafi. Pengine hawaambiwi kwamba Kiebrania, ndugu wa Kiarabu, nacho kina tahara, na kwamba miongoni mwa Wayahudi hilo ndilo jina la kuosha maiti. Kutahiri wao hukuita brit mila, yaani agano la tohara. Mzizi ni mmoja, ila huku umeelekea jandoni na kule umeelekea kaburini.

Agano hilo, kwa mujibu wa Mwanzo 17, hufanyika siku ya nane. Hesabu yake haimpi taabu Mswahili, kwani Wayahudi nao huianza siku jua linapotua. Mtoto aliyezaliwa Jumatatu mchana hutahiriwa Jumatatu inayofuata. Aliyezaliwa usiku wake amekwisha kuingia Jumanne. Hata siku hiyo ikiwa Sabato, ngariba hufanya kazi yake. Mtoto akiwa mgonjwa husubiriwa apone. Hapo ndipo jina lake hutangazwa.

Mwaka 167 K.K. mfalme Antioko IV alipiga marufuku tohara katika Yudea, na jamaa ya Yuda Makabayo ikaongoza uasi. Zaidi ya miaka 2,000 baadaye jina hilo lilisikika tena karibu na Mbale.

Semei Kakungulu alikuwa jemadari Mganda aliyewasaidia Waingereza kuteka mashariki ya Uganda. Alitarajia ufalme, hakuupata. Akajiunga na Wamalaki, madhehebu ya Kikristo yaliyokataa dawa za hospitali, huku akisoma Agano la Kale kwa makini. Alipofikia kwenye tohara, wenzake walimwambia kuwa hayo ni mambo ya Wayahudi. Naye akajibu kwamba, ikiwa ni hivyo, yeye ni Myahudi. Mwaka 1919 akatahiriwa yeye na wanawe, na mmoja wao akaitwa Yuda Makabee.

Hatua hiyo haikuwa ndogo. Waganda kwa jadi hawatahiri. Wagisu, majirani zake, hutahiri, lakini imbalu yao ni ya vijana, hufanyika hadharani katika miaka ya shufwa, na kijana hupimwa ujasiri wake. Kichanga wa siku nane hana ujasiri wa kupimwa. Kwa maoni yangu hapa ndipo penye uzito: Kakungulu hakuazima desturi ya jirani, alichukua ya kitabuni, na wafuasi wake wakatengana na pande zote mbili kwa wakati mmoja.

Mwaka 1920 mfanyabiashara Myahudi aitwaye Yosef alikaa nao miezi kadhaa akiwafundisha kalenda, baraka na namna ya kuchinja. Mwaka 1922 Kakungulu akachapisha kitabu cha mwongozo kwa Kiganda, chenye kurasa 90. Wanaodhani kwamba Mbale walikuwa wanabuni tu, na kwamba kwingineko desturi zilishuka zikiwa kamili, wakumbuke kuwa mwaka huohuo, huko New York, Judith Kaplan alifanyiwa bat mitzva, sherehe ya msichana kuingia katika wajibu wa amri, jambo ambalo Marekani haikuwa imezoea kuliona. (Bat hiyo na binti yetu ni ukoo mmoja.)

Kakungulu alifariki mwaka 1928. Chini ya Idi Amin, kati ya 1971 na 1979, ibada za Kiyahudi zilipigwa marufuku na masinagogi yakafungwa. Wengi waliingia Ukristo au Uislamu. Waliobaki, yapata 300, walisali kwa siri.

Mwaka 2002 marabi watano wa tawi la Konsavativu walifika na kuwaongoa rasmi karibu watu 400. Kwa sheria ya uongofu, mwanamume aliyekwisha kutahiriwa hutolewa tone moja la damu, kisha huzamishwa majini. Kwa hiyo watu ambao wazee wao walishika siku ya nane tangu 1919 walitakiwa kuingia upya kama wageni. Wengi walikubali. Kikundi cha kijiji cha Putti kilikataa, kwa kuwa kilitaka uongofu wa Kiorthodoksi.

Mwaka 2008 Gershom Sizomu alipewa urabi Los Angeles, akarudi kilimani Nabugoye. Mwaka huohuo alikuwa miongoni mwa waliosimamia uongofu wa watu wengine, baadhi yao wakitoka nje ya Uganda.