Uso wa Lillian Gish

Katika watu wote waliowahi kusimama mbele ya kamera, yupo mmoja ambaye sijachoka kumtazama, naye ni mwanamke aliyezaliwa Springfield, katika jimbo la Ohio huko Marekani, tarehe 14 Oktoba 1893, akafariki New York tarehe 27 Februari 1993, ikiwa imebaki miezi isiyotimia minane afikishe miaka mia. Jina lake Lillian Gish. Filamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1912 na ya mwisho mwaka 1987, yaani miaka 75 katika kazi ile ile. Wengi wa rika langu hawamjui, na vijana ndiyo kabisa, maana enzi yake hasa ilikuwa ile ya sinema bubu, na kwa watu wengi sinema bubu ni vichekesho vya watu wanaokimbia-kimbia huku na huko kama waliokanyaga siafu.

Hapo sina budi kuwatetea wazee wale. Kamera zao zilizungushwa kwa mkono, nazo zilinasa picha zipatazo 16 hadi 20 kwa sekunde moja. Sauti ilipoingia mwishoni mwa miaka ya 1920, mitambo yote ikapangwa kwa picha 24. Sasa ukiichukua filamu ya zamani ukaipitisha katika mtambo wa kisasa bila kuurekebisha, hata mazishi yatageuka mbio. Ikionyeshwa kwa mwendo wake halisi, watu wale hutembea kama mimi na wewe, msomaji. Wala kumbi hazikuwa kimya, kwani palikuwa na mpiga piano, au bendi nzima ya wanamuziki katika miji mikubwa. Lililokosekana ni maneno tu, na kwa mtu kama mimi, niliyekulia mahali ambapo filamu ya Kiingereza ilitazamwa na umati ambao nusu yake haukujua Kiingereza, kukosekana kwa maneno si hasara kubwa kama wanavyodhani wenye lugha hiyo.

Lillian hakuingia katika uigizaji kwa kupenda umaarufu. Baba yao alikuwa mlevi, akaitupa familia, na mama akawa hana njia ya kuwalisha binti zake wawili, Lillian na Dorothy, isipokuwa kwenda jukwaani, na muda si mrefu watoto nao wakapandishwa jukwaani. Walizunguka miji kwa treni, wakilala popote. Katika maisha hayo walijuana na mtoto mwingine wa jukwaa aliyeitwa Gladys Smith. Miaka ikapita, na mwaka 1912 wakamkuta Gladys katika studio ya Biograph jijini New York, sasa akiitwa Mary Pickford, na ndiye aliyewatambulisha kwa mwongozaji D. W. Griffith. Lillian alisimulia baadaye kwamba Griffith alishindwa kuwatofautisha ndugu hao, akawafunga utepe wa rangi mbalimbali nywelini, kisha akatoa bastola na kufyatua risasi hewani akiwakimbiza chumbani, ili aone nyuso zao zinavyoonyesha hofu. Ndivyo walivyopata kazi. Mtu angefanya hivyo leo, polisi wangeitwa.

Jambo alilolielewa Lillian mapema kuliko wengi ni hili. Mwigizaji wa jukwaani humwigizia mtu aliyekaa kiti cha mwisho kabisa, kwa hiyo hana budi kutanua mikono na kuyatoa macho. Kamera humleta mtazamaji karibu kuliko hata mume na mke wanavyokaribiana mezani. Ukitanua mikono mbele yake unaonekana mwendawazimu. Yeye akaanza kupunguza. Tazama filamu ya Broken Blossoms ya mwaka 1919, anapoigiza binti anayeishi na baba yake mpiga ngumi katika mitaa ya kimaskini ya London. Baba anamwamuru atabasamu. Binti hana tabasamu ndani yake, basi anaweka vidole viwili kwenye pembe za mdomo na kuzisukuma juu. Haikuandikwa popote kwamba afanye hivyo, alilibuni mwenyewe. Baadaye katika filamu hiyo hiyo baba anamfungia katika kabati na kuuvunja mlango kwa shoka, naye mle ndani anazunguka na kuzunguka kama mnyama aliyenaswa. Nimeitazama sehemu hiyo mara nyingi na sijaizoea.

Alijitolea mwili wake kiasi cha kutisha. Katika Way Down East ya mwaka 1920, msichana aliyefukuzwa nyumbani anazimia juu ya kipande cha barafu kinachoelea mtoni. Picha hizo zilipigwa katika mto wa kweli, katika majira ya baridi ya kweli, kwenye jimbo la Vermont, na hakuwekwa mtu mwingine badala yake. Wazo la kuuacha mkono na nywele viburuzwe ndani ya maji lilikuwa lake. Mkono huo ulimsumbua miaka mingi baadaye. Alipoigiza kifo cha mgonjwa wa kifua kikuu katika La Bohème, mwaka 1926, alijinyima kunywa maji siku tatu ili midomo ikauke, na mwongozaji, King Vidor, alisimulia kwamba kwa dakika chache alidhani mwigizaji wake amekufa kweli.

Kazi yake ninayoipenda kuliko zote ni The Wind, iliyotoka mwaka 1928. Ni habari ya msichana anayehamia nchi ya vumbi, ambako upepo hauishi kuvuma, naye polepole anapoteza akili. Wakati huo alikuwa na uwezo wa kuchagua, akamchagua Msweden Victor Sjöström aiongoze. Waliipiga katika jangwa la Mojave, kwenye joto linalokaribia nyuzi 50, huku injini za ndege zikiurusha mchanga kuelekea usoni pake. Siku moja alishika kitasa cha mlango kilichopigwa na jua, akaungua kiganja. Na baada ya taabu yote hiyo, filamu ikatoka wakati watu wamekwisha kulewa sinema za sauti. Haikupata watazamaji. Wakubwa wa studio walikuwa wamekwisha kugeukia nyuso nyingine, naye akarudi jukwaani New York.

Hata hivyo yeye ana bahati, kwa sababu tunaweza kumwona. Katika filamu ndefu zipatazo 11,000 zilizotengenezwa Marekani enzi za sinema bubu, karibu asilimia 70 zimepotea kabisa. Utepe wa siku hizo ulishika moto kwa urahisi na kuoza haraka, na wenye mali hawakuona sababu ya kutunza kitu kisichoingiza tena fedha. Filamu pekee ambayo Lillian aliiongoza yeye mwenyewe, mwaka 1920, imo katika hizo zilizopotea.

Iliyobaki, tena ikatunzwa vizuri kuliko nyingi, ni ile ambayo siwezi kuinyamazia. Inaitwa The Birth of a Nation, ya mwaka 1915, na inachukua saa tatu. Griffith aliitoa katika riwaya ya Thomas Dixon, na maudhui yake ni kwamba baada ya watumwa kuachwa huru, Marekani ya Kusini iliharibiwa na watu weusi, ikaokolewa na Ku Klux Klan. Weusi wakuu katika filamu hiyo ni Wazungu waliopakwa rangi nyeusi. Wamechorwa kama wavivu, wenye tamaa ya wanawake wa Kizungu, wasiofaa kupiga kura wala kutawala. Lillian ni Elsie Stoneman, msichana anayefungiwa chumbani na chotara mwenye madaraka anayetaka kumwoa kwa nguvu, mpaka wapanda farasi waliovaa mashuka wanapokuja kumwokoa.

Ilionyeshwa Ikulu ya Marekani mbele ya Rais Woodrow Wilson mwezi Februari mwaka huo. Chama cha NAACP, kilichokuwa na umri wa miaka sita tu, kiliipinga mji kwa mji. Mwezi Novemba, juu ya mlima wa Stone Mountain katika jimbo la Georgia, Ku Klux Klan iliyokuwa imekufa ikafufuliwa, na filamu hii ikawa chambo cha kuingizia wanachama kwa miaka mingi. Si mzaha basi. Ni filamu iliyowafikia watu milioni nyingi, ikawafundisha kumwogopa jirani yao.

Na uso wa Lillian haukuwa pambo tu ndani yake. Alieleza mwenyewe jinsi alivyoipata nafasi ile. Walikuwa wakifanya mazoezi ya tukio la mtu mweusi kumnyanyua msichana wa Kizungu, nywele zake ndefu za rangi ya dhahabu zikafunguka na kuanguka hadi chini ya kiuno, na Griffith, alipouona ule utofauti wa maumbo mawili, akaamua papo hapo kwamba Elsie atakuwa yeye. Kwa maneno mengine, weupe wake ndio uliotafutwa, ili watu waogope weusi wa mwingine. Kipaji kile kile kinachonifanya nimlilie binti wa Broken Blossoms ndicho kilichowafanya wengine watoke ukumbini wakitafuta wa kumpiga.

Watu humtetea kwamba alikuwa na umri wa miaka 21 tu, mwajiriwa, na kwamba nchi nzima ilikuwa hivyo. Utetezi huo naukubali nusu. Nchi nzima haikuwa hivyo, maana kulikuwa na watu barabarani wakiipinga. Zaidi ya hayo, aliishi miaka 78 baada ya filamu ile, akaandika kitabu cha kumbukumbu mwaka 1969, akahojiwa mara zisizohesabika, na mpaka uzeeni alikuwa akimtetea Griffith. Uaminifu ni sifa njema, lakini hapa ulimfanya asiseme neno ambalo watu wengi walikuwa wakilisubiri.

Mwaka 1975 Chinua Achebe alitoa mhadhara katika Chuo Kikuu cha Massachusetts kuhusu riwaya ya Joseph Conrad juu ya Kongo. Swali lake lilikuwa kama kazi inayowavua watu ubinadamu wao yaweza kuitwa sanaa kubwa, na jibu lake likawa kwamba haiwezi. Walimu wengi walikasirika. Mimi nakubaliana naye kuhusu The Birth of a Nation, hata nikisikia mafundi wa sinema wakiisifia namna ilivyounganishwa. Lakini Achebe alikuwa akizungumzia kitabu. Kuhusu mtu aliyefanya mambo kadhaa katika maisha marefu, kipimo hicho hakinitoshi.

Mwaka 2019 Chuo Kikuu cha Bowling Green, huko Ohio alikozaliwa, kiliondoa jina la ndugu hao wawili kwenye ukumbi wa sinema ulioitwa kwa jina lao tangu 1976. Wanafunzi weusi ndio waliolalamika. Watu zaidi ya 50 wa fani hiyo waliandika barua ya kupinga, na mmoja wao alikuwa mwigizaji mweusi James Earl Jones. Mimi nisingeitia sahihi barua hiyo. Ukumbi ni mahali pa wanafunzi kukaa, na mwenye kukaa ndiye ajuaye kiti kinavyomchoma. Lakini nisingekubali pia kwamba suala la Lillian limekwisha kwa kung'oa herufi ukutani.

Kwa maana alikuwa ameacha wosia. Hakuolewa wala hakuzaa, na mali yake aliiamuru iwe tuzo ya kila mwaka, kwa jina lake na la Dorothy, apewe mtu ambaye kazi yake imeongeza uzuri wa dunia na kuwasaidia watu kuyaelewa maisha. Ilianza kutolewa 1994, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Mwaka 2010 ilikwenda kwa Chinua Achebe, pamoja na dola zipatazo 300,000. Mwaka 2013 ikaenda kwa Spike Lee, ambaye mwaka 1980, akiwa mwanafunzi New York, alitengeneza filamu fupi ya kuijibu The Birth of a Nation, na baadhi ya walimu wake hawakupendezwa. Alipotangazwa mshindi, Lee mwenyewe alikumbusha kwamba Lillian alikuwamo katika filamu ile. Mwaka 2020 ikaenda kwa Ava DuVernay, ambaye katika filamu yake ya 13th, ya mwaka 2016, anaieleza filamu hiyo hiyo kama chanzo kimojawapo cha taswira ya mtu mweusi kuwa mhalifu. Hakuna hata mmoja kati ya watatu hao aliyeikataa fedha hiyo.

Nina mjukuu wa kike, ana miaka 15, apendaye kukaa nami nikitazama filamu hizi. Tulipomaliza ile ya barafu alinyamaza kwa muda mrefu. Wiki iliyofuata nikamwonyesha sehemu ya The Birth of a Nation, kwa sababu sikutaka aikute peke yake siku moja. Akaniuliza, "Babu, mbona hawa weusi wamepakwa rangi?" Nikamweleza. Akatazama tena kidogo, akaniuliza kama yule dada mwenye nywele ndefu alijua anachokifanya. Nikamwambia kwamba wakati ule pengine hakujua chote, lakini baadaye aliambiwa. Hakusema kitu. Akaomba turudie ile ya barafu.