Ng'ang'a Si Kosa la Kompyuta

Wasee, kama unaitwa Ng'ang'a, Nyong'o ama Ng'eno, hii stori unaijua. Unajaza fomu mtandaoni, unabonyeza "hifadhi", inakutemea kosa. Unatoa ritifaa, inakubali. Sasa kwao wewe ni Nganga, kitambulisho kinasema vingine, na siku majina yatalinganishwa ni wewe utajieleza.

Mambo yalianza kitambo. Mwaka wa 1974 Donald Chamberlin na Raymond Boyce wa IBM walichapisha lugha ya hifadhidata iliyokuja kuitwa SQL. Humo maandishi hufungwa kwa alama ya ' mwanzo na mwisho. Programu ikibandika jina lako tu ndani ya amri, inatuma 'Ng'ang'a'. Hifadhidata inasoma Ng, inaona alama, inadhani jina limeisha. Ile "ang" inayofuata inaichukua kama amri, haielewi, kazi inakwama.

PHP ilileta dawa yake, magic quotes: kila ritifaa iliyotoka kwa fomu iliwekewa mkwaju wa kulalia nyuma. Dawa mbaya, manze! Mwandishi wa programu naye akiongeza mikwaju yake, jina linahifadhiwa Ng\'ang\'a, na kila ukihariri, mikwaju inazaana. Iliondolewa kwenye PHP 5.4, mwaka wa 2012.

Desemba 1998, Jeff Forristal alieleza katika jarida la Phrack jinsi mtu anaweza kupenyeza amri zake kupitia hiyo njia. Hofu ilikuwa halali. Lakini kuna walioamua kupiga ritifaa marufuku, eti usalama. Hapo ndipo nakataa. Ng'oa na ngoa si neno moja, uliza mwalimu yeyote wa Kiswahili.

Suluhisho halisi lipo: tuma amri kwanza, ikiwa na alama ya ? mahali pa jina, halafu jina lifuate kando kama data tu. Haliwezi kusomwa kama amri hata likiwa na ritifaa kumi. PHP 5.1 ilikuja na PDO ya kufanya hivyo mwaka wa 2005. Miaka ishirini!

Kwa hivyo ukijenga fomu, jaribu Ng'ang'a kabla ya John. Hifadhi, fungua tena, hifadhi mara ya pili bila kubadilisha kitu. Ukiona mikwaju, kuna mahali data inasafishwa mara mbili. Anza kutafuta hapo.